Nguo ya Kuzalia

Bi Haruyo hakutaka kuishika kwa mkono. Aliomba koleo la makaa, akaibana ncha, akaivuta kutoka kwenye kabati la matandiko mpaka ikaanguka sakafuni kwa kishindo kama mnyama aliyechoka. Wanawake wenzake wa Umoja wa Akina Mama wakarudi nyuma. Mmoja akaziba pua, ingawa nguo ile haikuwa na harufu nyingine zaidi ya moshi wa meko, na moshi huo huo ulikuwa kwenye nywele zao wote.

"Hii nayo ni nini?" aliuliza Bi Haruyo, mwenyekiti wao.

"Unaijua," alijibu Bibi Kise bila kuinuka pale alipoketi kando ya moto. "Hata wewe ulizaliwa juu ya moja. Au mama yako alikutaga kwenye pamba?"

Nobue, mke wa Eikichi mwana wa Bibi Kise, alikuwa amesimama karibu na mlango, mkono kiunoni, tumbo mbele yake kama mtungi. Mimba ilikuwa imebakiza mwezi na siku kidogo. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikuwa aibu ya kutembelewa. Kila nyumba ya kijiji ilikaguliwa asubuhi hiyo. Ilikuwa aibu ya koleo. Mtu anashika kwa koleo kile ambacho hataki kimguse.

Nguo yenyewe iliitwa bodo. Ilikuwa nzito kuliko gunia la mtama, viraka juu ya viraka, katani juu ya katani, vyote vimeunganishwa kwa uzi mweupe wa pamba, mishono midogo midogo iliyojipanga kama mistari ya mpunga shambani. Hapa nili ilikuwa imekolea, pale imepauka kama anga la asubuhi. Kila aliyekufa katika nyumba hii, nyumba ya ukoo wa Soma, aliacha kipande cha nguo yake humo, na kila mtoto wa nyumba hiyo alizaliwa juu yake, ili wazee wote wampokee kwa pamoja. Zamani za watawala wa kale, mkulima wa jimbo hili la Tsugaru hakuruhusiwa kuvaa pamba. Wanawake waliipata kama uzi tu, na kwa uzi huo wakaziba kila tundu ambalo upepo wa theluji ungepitia.

"Jumamosi," alisema Bi Haruyo, "uwanja wa shule. Bwana Afisa wa afya anakuja kutoka mjini na kamera yake. Kila nyumba italeta matambara yake, tutayachoma, na kila nyumba itapewa mfarishi mpya wa pamba. Vita vimekwisha, Bibi Kise. Tunataka kuwa kijiji cha mfano."

"Na asiyeleta?"

Bi Haruyo aliinua macho akatazama dari, kule matete ya paa yalikokuwa meusi kwa masizi na malegevu kwa uzee. "Baada ya mavuno ni zamu yenu ya kuezekwa, sivyo? Kazi ile inataka mikono ya kijiji kizima. Sasa, kijiji kitampaje mkono mtu aliyekinyima wake?"

Akavaa viatu vyake kwenye kizingiti, taratibu, kama mtu ambaye hana haraka na dunia. Kisha akamgeukia Nobue.

"Na wewe, mke wa Eikichi. Ungekuwa wa kwanza kuileta. Au yale ya mwaka juzi hayakukutosha?"

Bibi Kise alichochea moto.

*

"Tuichome," alisema Nobue walipobaki wawili.

Alisema huku ameipa bodo mgongo. Mama mkwe wake alikuwa akimenya figili ya chumvi kwa ajili ya chakula cha mchana, na kisu hakikusimama.

"Umesikia habari ya paa, mama? Eikichi yuko kaskazini anavua samaki kwenye maji ya barafu. Arudi tumwambie nini? Kwamba tumebakiza matambara tukapoteza paa?"

"Sijasema kitu."

"Basi sema!"

Haukuwa mtindo wa Nobue kupaza sauti. Kwa miaka miwili alikuwa amemeza maneno kama mgonjwa anavyomeza dawa. Alitoka upande wa pili wa mlima, na huko wanawake hufunga fundo mwanzoni mwa uzi. Hapa hakuna afungaye. Hapa uzi huanzwa kwa mishono michache inayorudi juu ya yenyewe, ukajishika, na mkono ukipita juu yake haukwaruzwi na chochote. Na walikuwa na usemi: nguo ya mtoto ikiwa na fundo, njia ya mtoto nayo hufungika.

Nobue hakuujua usemi huo alipokuwa akimsubiri mwanawe wa kwanza. Alimshonea kinguo chenye nakshi ya majani ya katani, kwa sababu katani hukua haraka na kunyooka, na kila mama anataka mwanawe anyooke. Mtoto alizaliwa wakati wa tufani ya theluji. Alipumua mpaka jioni, kisha akaacha. Wanawake walipokuja kuomboleza, Bibi Kise alikishika kile kinguo, akakigeuza ndani nje mbele yao wote, akasema, "Tazameni. Mafundo."

Neno moja tu, lakini liliingia kila nyumba kabla ya theluji kuyeyuka. Kinguo kikatoweka. Nobue aliamini kimechomwa. Tangu siku hiyo hakushona tena ila kwa lazima, na kila alipomaliza kiraka, alikuta mama mkwe wake amekigeuza kutazama upande wa ndani.

"Bodo si yangu," alisema Bibi Kise hatimaye. "Ni ya yule atakayezaa. Mimi nilimaliza zamu yangu siku nilipomzaa Eikichi. Ukisema motoni, basi motoni."

Nobue hakutarajia ushindi mwepesi namna hiyo.

"Lakini ifue kwanza," aliongeza mwanamke yule mzee. "Nyumba hii haijawahi kupeleka uchafu mbele ya watu. Hata mbele ya moto."

*

Kijito kilikuwa kimejaa maji ya theluji. Fusa, jirani yao, alikuwa pale akiosha mboga za mwituni, na alipoona Nobue anakuja akiyumba chini ya mzigo ule mweusi alicheka mpaka akakaa.

"Shoga! Nani umemwona akifua kuni?"

"Mwambie mama mkwe wangu."

"Mimi yangu nimeshaifunga kamba. Sikuitazama mara ya pili. Jumamosi jioni nitalala kwenye mfarishi mpya kama mke wa waziri. Mume wangu ameshasema tutalala zamu zamu, tusiuchakaze."

Wakacheka wote. Fusa alimsaidia kuitandaza juu ya jiwe, na Nobue akapiga magoti, tumbo likimzuia, akaanza kusugua kwa maji ya jivu. Alisugua kwa hasira. Maji yalitoka ya hudhurungi, kisha ya buluu hafifu, kisha safi. Chini ya viganja vyake nguo ilikuwa nyororo ajabu. Mikono ya wanawake wengi sana ilikuwa imepita hapo, na hakuna hata mmoja aliyeacha kitu cha kumkwaruza anayelala.

Alipofika katikati, pale kiuno cha mzazi kinapokaa, kidole gumba chake kiligonga kitu kigumu, kidogo kama chembe ya mtama. Akadhani ni mchanga. Akakisugua, hakikutoka. Kando yake kulikuwa na kingine. Na kingine.

Akainama.

Kiraka kile hakikuwa kikubwa. Kilikuwa na upana wa mgongo wa mtoto mchanga. Nili yake ilikuwa bado changa kuliko zote. Majani ya katani yalipishana juu yake, moja limepinda kidogo, lile alilolishona usiku ambao Eikichi alimchekesha akakosea. Mikunjo ya pembeni ilikuwa imeshikizwa kwa mkono mwingine, mkono wa mishono mifupi sana, iliyobana kama meno. Mkono wa Bibi Kise. Lakini mafundo ya Nobue yalikuwepo yote. Hakuna lililokatwa, hakuna lililofunguliwa. Yalikuwa yamewekwa upande wa juu, mahali mtoto anapoangukia.

"We Nobue? Uchungu umeanza?"

"Hapana."

"Mbona unalia sasa?"

"Maji ni ya baridi," alisema Nobue.

*

Alimkuta mama mkwe wake nyuma ya nyumba, akisokota kamba za majani ya mpunga. Akaianika bodo kwenye mwamba uliopigwa na jua, polepole, upande ule ukiwa juu.

"Hukuyafungua," alisema.

Bibi Kise hakuuliza yapi. "Sikuyafungua."

"Mbele ya watu ulisema ndiyo yaliyomuua."

"Nilisema."

"Basi ukayaweka hapa."

"Sasa wewe unafikiri," alisema Bibi Kise, na kwa mara ya kwanza aliacha kamba zake, "kama ningeamini hivyo, ningeyaweka pale utakapomlaza mwingine?" Alitazama milima, si uso wa Nobue. "Siku ile nilitaka kumgombeza aliyemchukua. Mbinguni mkono wangu haukufika. Wewe ulikuwa karibu."

Nobue alisimama. Alikuwa ameyasubiri maneno hayo, au mengine yanayofanana nayo, kwa muda mrefu kiasi kwamba yalipokuja hakujua ayaweke wapi. Alitaka kukasirika, na kweli alikasirika. Lakini hasira ile ilikuwa na joto jipya. Ilikuwa hasira ya mtu mwenye haki zake, si ya mtu anayejificha.

"Ungeniambia."

"Ndiyo," alisema Bibi Kise. "Ningekuambia."

*

Jumamosi Nobue aliibeba bodo mgongoni kwa kamba, imekauka na inanukia jua. Bibi Kise alitembea nyuma yake bila kuuliza wanaenda kuichoma au la. Njia panda, pale sanamu ya mawe ya Jizo inapowalinda watoto waliokwenda mapema, Nobue alisimama. Akakitengeneza kitambaa chekundu cha Jizo kilichokuwa kimepinda shingoni, kisha akaunganisha viganja.

"Sikuombi uuzime moto wao," alisema kwa sauti ndogo. "Sikuombi hata paa. Naomba tu mdomo wangu usitetemeke. Na huyo aliye kwako, mwambie mama yake anajua alipo."

Uwanjani rundo lilikuwa limefika kimo cha mtu: makoti ya kazi, soksi, magodoro ya majani, bodo za nyumba nyingine zimefungwa kamba kama wafungwa. Mifarishi mipya ilikuwa imepangwa mezani, ya maua mekundu. Afisa alikuwa kijana mwenye miwani na adabu, akiwainamia hata wazee waliokuwa wanamkodolea macho. Bi Haruyo aliita majina ya nyumba, na kila nyumba ilitupa mzigo wake, ikachukua mfarishi, ikainama. Fusa alitupa wake haraka, akakimbilia mezani bila kutazama nyuma.

"Nyumba ya Soma!"

Nobue alisogea mbele. Hakufungua kamba.

"Tupa basi," alisema Bi Haruyo.

"Nimekuja kusema kwamba sitoi."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mpunga. Bi Haruyo alitabasamu, kwa sababu ya kamera.

"Mke wa Eikichi, usituaibishe mbele ya mgeni. Unataka kuzaa juu ya matambara kama ng'ombe?"

"Ng'ombe hazalii juu ya matambara, Mama Mwenyekiti," alisema Bibi Kise kutoka nyuma. "Anazalia juu ya majani. Umesahau ng'ombe wa baba yako?"

Watu wakacheka, wakanyamaza haraka. Afisa aliinua mkono.

"Mama," alimwambia Nobue kwa upole, "hakuna anayekutukana. Ni habari ya afya. Uchafu unaua watoto wachanga. Ni jambo linalojulikana."

"Wangu alizaliwa juu ya hii, na alikufa," alisema Nobue. Mdomo wake haukutetemeka. "Sijui alikufa kwa nini. Wewe unajua, bwana? Hukuwepo. Kwanza niliambiwa ni mafundo ya uzi wangu. Leo naambiwa ni matambara. Kila mwaka mnanitafutia sababu mpya ya kujilaumu, halafu mnaniita niibebe mgongoni na kuileta mwenyewe. Mnasema chafu? Imefuliwa kwa jivu, imeanikwa juani. Njoo unuse. Mkunga akisema niichemshe, nitaichemsha mpaka iive. Lakini humu yumo mama wa mama mkwe wangu, wamo watu ambao hata majina yao yamepotea, na yumo mwanangu. Yeye hana kaburi lenye jina. Hana kitu kingine duniani ila kiraka hiki. Simtupi motoni ili kijiji kipigwe picha."

Afisa aliinamisha kichwa. Akaifuta miwani yake. "Mama Mwenyekiti," alisema, "tuendelee na nyumba nyingine."

"Hampati mfarishi!" alisema Bi Haruyo, na sasa hakutabasamu.

"Wape wenye baridi."

"Na paa mtaezeka wenyewe!"

"Tutaezeka," alisema Nobue.

Wakageuka. Nyuma yao moto uliwashwa, na kamera ikalia. Nguo za miaka mingi ziliungua kwa moshi mzito wa buluu uliowafuata mpaka njia panda. Hakuna aliyewakimbilia kusema kitu. Fusa alikuwa ameukumbatia mfarishi wake, uso ameuzika ndani ya maua mekundu.

*

Msichana alizaliwa mchana, miti ya matufaha ilipoanza kuchanua. Mkunga aliitazama bodo, akaigeuza huku na huku, akasema, "Mmeichemsha?" Bibi Kise akasema, "Mpaka nusura iwe supu." Mkunga akasema basi sawa. Mtoto alianguka juu ya majani ya katani akapiga ukelele ambao Bibi Kise alidai umesikika kwa Mama Mwenyekiti. Wakamwita Mitsue.

Eikichi aliporudi kutoka kaskazini alisikiliza habari yote akiwa na mtoto mapajani.

"Kwa hiyo nimepata binti," alisema, "na nimekosa paa."

"Ndiyo," alisema mkewe.

"Ungeweza kupunguza maneno mbele ya Afisa. Ukatuachia paa."

"Ningeweza."

Alinuna siku mbili. Ya tatu alichukua mundu akaenda kukata matete.

Mavuno yalipokwisha, kijiji hakikuja. Wao peke yao hawakuwa na mikono ya kulivua paa lote, kwa hiyo walilitia viraka: waling'oa matete yaliyooza sehemu kwa sehemu, wakapenyeza mapya, wakayashona kwa kamba. Eikichi alikuwa nje juu na ile sindano ndefu ya mwanzi, ndefu kuliko mkono wa mtu. Nobue alikuwa darini ndani, Mitsue mgongoni kwenye mbeleko, masizi yakimwangukia machoni. Mume aliichoma sindano ndani, mke akaipokea, akaizungusha kamba kwenye boriti, akairudisha nje. Hivyo ndivyo paa hushonwa. Mtu mmoja hawezi.

Asubuhi ya pili Fusa alitokea uani.

"Natafuta kuku wangu," alisema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Hamjamwona?"

"Hayupo," alisema Bibi Kise.

"Basi nitatafuta taratibu," alisema Fusa, akashika tita la matete akampandishia Eikichi. Alimtafuta kuku mpaka jua likazama. Kesho yake kuku alipotea tena, na safari hii mume wa Fusa naye alikuja kumtafuta. Huyo kuku, Nobue alimjua vizuri, Fusa na mumewe walikuwa wamemla siku ya sikukuu ya wafu.

Bi Haruyo alipita siku ya mwisho. Akasimama, akalitazama paa lile, njano hapa, jeusi pale.

"Paa la viraka!" alisema. "Kama lilivyo tandiko, ndivyo lilivyo paa."

Kichwa cha Bibi Kise kilitokeza kwenye tundu lililokuwa bado halijazibwa, kichwa cheusi kwa masizi, macho tu yaking'aa.

"Karibu, Mama Mwenyekiti! Theluji ikikuzidia huko kwenye nyumba yako ya mfano, njoo. Sisi tunapanga watu kama viraka, nafasi haikosi!"

Paa halikuwa zuri. Pembe ya kaskazini ilivuja, na waliweka beseni chini yake wakazoea mlio. Lakini theluji ya kwanza ilipoanguka, nzito, bila upepo, paa lilisimama.

Asubuhi hiyo Nobue aliitoa bodo akaitandaza kando ya moto. Ni desturi: aliyezaa naye huongeza kiraka chake, mtoto akiona theluji yake ya kwanza. Alikuwa amekata kipande cha aproni aliyoivaa siku ya uwanjani, ile yenye alama ya kamba begani. Akakiweka karibu na majani ya katani, kando kwa kando. Beseni lililia, tone moja baada ya jingine. Mitsue alikuwa amelala mapajani kwa nyanya yake.

Nobue alitunga uzi. Akalowesha ncha mdomoni, na vidole vyake, bila haraka, vikazungusha fundo. Lilikuwa fundo kubwa, la upande wa pili wa mlima, ambalo hata kipofu angeliona.

Kisha akainua macho.

Bibi Kise alikuwa anatazama mkono wake. Alilitazama lile fundo kwa muda, kama mtu anayeonja chumvi.

"Kaza," alisema.